Diski Mbili za Baba Mkubwa

Siku seva ilipoombewa, sala ilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe ya kufunga diski. Baba mkubwa aliweka mkono juu ya lile boksi la chuma, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa nyanya za Nduruma, kwa umeme ambao haukuwa umekatika tangu asubuhi, kisha akaomba diski zile mbili mpya zizae na kuongezeka. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi. Nilisema amina pamoja na wengine, kwa sababu mtu mwenye bisibisi mkononi hayuko katika nafasi nzuri ya kubishana na mzee wa kanisa.

Tulikuwa Kimandolu, kwenye studio ya video. Usifikirie jengo la vioo. Ni nyumba ya kawaida ambayo sebule yake imegeuzwa chumba cha kazi na jiko limebaki jiko. Studio hiyo inapiga picha za kipaimara, sendoff, harusi na mazishi, yaani mtu akitulia mjini hapa anaweza kuwa mteja wao maisha yake yote na kidogo baada ya hapo. Mwenye studio ni mama wa Kimeru, mjane, mwenye sauti ya kusimamisha msafara wa harusi barabarani bila kugusa honi. Mimi ni fundi wake wa kompyuta. Yeye huniita mwalimu, na hiyo si sifa. Nikiulizwa jambo dogo huwa naanzia mbali.

"Mwalimu," huniambia, "nataka jibu, sikuomba semina."

Kwenye ile sebule wanakaa vijana wanne wanaoediti, kila mmoja na kompyuta yake, na wote wanavuta picha zao kutoka sehemu moja, ambayo ndiyo seva. Seva isikutishe. Ni kompyuta isiyo na skrini wala kiti, ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine. Yao ina nafasi nane za kuwekea diski, zimepangana kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na kwa miaka mingi vyumba vyote vilikuwa na watu: diski nane ndogo za mtumba, zilizostaafishwa na ofisi fulani huko Ulaya zikaja kuanza ujana upya Arusha. Zilikuwa zikitetea mchana kutwa kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Hakuna aliyezisifu. Kitu kinachofanya kazi kila siku hakina msemaji.

Kilichowafanya watu wazitazame ni harusi. Binti wa mama alikuwa anaolewa Moshi, na sendoff yake, yaani sherehe ya kumuaga nyumbani, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katika sendoff za huku kwetu lazima ionyeshwe filamu ya maisha ya binti: akiwa mtoto asiye na meno, akiwa na sare ya shule, akiwa na joho la chuo, mpaka watu walie na MC apate pa kupumzikia. Mama alikuwa amewatengenezea filamu hizo mabinti wa nusu ya mji. Sasa ilikuwa zamu ya wa kwake, na Waswahili walishasema mganga hajigangi, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasubiri kuona.

Binti mwenyewe hakuwa na makuu. Aliomba kitu kimoja tu.

"Baba awemo," alisema.

Baba yake ndiye aliyeianzisha ile studio. Alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Na mpiga picha ana msiba wake wa pekee: amepiga kila mtu, yeye mwenyewe hayumo. Nyumbani kulikuwa na picha moja, ile ya pasipoti iliyokuzwa ikabebwa mbele ya jeneza.

"Hiyo siitaki, mama. Hiyo ni ya msalabani. Namtaka anayetembea."

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumtafutia: ndani ya harusi za watu wengine. Miaka yote aliyopiga picha, lazima mahali fulani kivuli chake kilianguka, lazima mtu fulani alimgeuzia kamera. Picha zote ghafi zilikuwa kwenye seva, maana mama hafuti kitu. Anasema watu wanaachana, lakini hujui lini watarudiana watake nakala. Ilibidi vijana wanne wapitie harusi za miaka mingi, moja baada ya nyingine, kabla ya Jumamosi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Kwenye kikao cha kamati ya sendoff mama alilalamika kidogo kwamba seva nayo imekaribia kujaa. Alilalamika kama mtu anavyolalamikia goti. Lakini baba mkubwa alikuwepo, na yeye ndiye kaka wa marehemu. Katika sendoff ile ndiye aliyesimama badala ya baba, ndiye angemshika binti mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Mtu wa nafasi hiyo hasikii shida ya nyumba ya mdogo wake akanyamaza. Kesho yake alikwenda dukani mjini, akauliza swali lilelile analouliza kwenye mnada wa ng'ombe: "Ipi kubwa kuliko zote?" Akapewa. Akaipima uzito kiganjani, akaomba apewe na ya pili.

Alituletea zikiwa zimefungwa kwenye kitenge. Kwa ukubwa wa kuhifadhi, kila moja peke yake ilikuwa inazimeza zile nane zote na nafasi inabaki.

"Hizi zenu ni mbuzi," alisema akizitazama diski za zamani. "Mimi nimeleta madume mawili ya ng'ombe. Na dume halifungwi zizi moja na mbuzi. Toeni hizo."

Hapa lazima mgeni aelewe jambo. Zawadi ya mtu anayesimama badala ya baba haiwekwi kabatini. Inatumika, naye akiwepo, na ile ya zamani inapisha. Ukimpa mkweo blanketi akalikunja pembeni, utajua alichokwambia. Nilinakili kila kitu kutoka kwenye zile nane kwenda kwenye zile mbili, kazi iliyokula siku mbili na usiku wake mpaka ile Jumamosi ya sala. Nilizifunga kimapacha, yaani kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa hivyohivyo kwenye nyingine, ili moja ikifa tusipoteze harusi ya mtu. Nilimvuta mama jikoni, nikaanza kumweleza kwamba kuna tatizo.

"Mwalimu, si leo," alininong'oneza. "Mzee ameshavaa koti."

Basi tukaomba. Baada ya amina, mama akamwambia mmoja wa vijana ajaribu. Kijana akachukua harusi moja nzima, akainakili kwenda kwenye kompyuta yake. Ikapaa. Ule mstari wa kijani ulikimbia kwenye skrini mpaka mama akapiga kigelegele, na jirani akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta bila kujua anashangilia nini. Baba mkubwa alikaa akanywa chai yake vikombe viwili kama mtu aliyemaliza vita. Alipoondoka akachukua diski mbili za zamani, akasema atazipa kazi shambani.

Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu. Mpigaji alikuwa dada mmoja kati ya wale vijana wanne, ambaye ana mikono myepesi kwenye kibodi na ulimi mwepesi zaidi.

"Dada fundi," alisema, "seva yenu imeokoka. Inaongea polepole, inarudia rudia, na haimalizi."

Nilikwenda. Wote wanne walikuwa wamefungua kazi zao kwa pamoja, na kwa kuwa harusi kubwa hupigwa na kamera mbili tatu, kila mmoja alikuwa anavuta mikondo kadhaa kwa mara moja. Picha zilikuwa zinaganda. Bwana harusi alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya keki na akabaki hivyo, kama samaki. Mama alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Jumamosi ilikuwa inapaa," alisema. "Wewe umeona mwenyewe. Tumepiga vigelegele."

"Ilipaa, mama. Jumamosi alikuwa anasoma mtu mmoja, kitu kimoja, kwa mstari ulionyooka. Leo wako wanne."

"Na diski si ni kubwa?"

Hapo akawa ameniuliza, kwa hiyo nikaanzia mbali.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka kwa kasi sana na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Umewahi kuona santuri ya zamani, ile ya wimbo na sindano? Ni hivyo hivyo, ila mkono huu unarukaruka. Ukiomba kitu, mkono unasogea mpaka kwenye mstari wake, kisha unasubiri sahani izunguke mpaka kile kitu kipite chini yake. Huo mwendo na kule kusubiri havipungui kwa sababu diski ni kubwa. Diski kubwa ina vitu vingi zaidi, vimebanana zaidi, kwa hiyo mkono ukishatua na kusoma moja kwa moja unafaidi sana. Ndiyo maana Jumamosi ilipaa. Lakini ukiutuma huku, mara kule, mara huku tena, muda wake wote unaishia njiani. Zile diski nane ndogo zilikuwa na mikono minane. Mmoja akienda kumletea huyu bibi harusi, mwingine alikuwa anamletea yule mchungaji. Hizi mbili zina mikono miwili. Kwa upande wa nafasi tulikuwa tumetajirika. Kwa upande wa mikono tulikuwa tumekatwa.

"Kwa hiyo," alisema mama, na alikuwa ameelewa vizuri kabisa, "nina ghala kubwa na mlango mwembamba."

"Ndiyo, mama. Na kuna dawa. Umebaki na diski sita za zamani pale kwenye boksi, na seva ina vyumba sita vitupu. Turudishe."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini asiingie kanisani na kofia.

"Mzee anapita hapa kila siku kuziangalia," alisema. "Jana alimleta na mchungaji. Akikuta nimemfungia mbuzi kwenye zizi la madume yake, atanuna. Akinuna, nani atamtoa mwanangu Jumamosi? Wewe?"

Lile lilikuwa fumbo lisilotatulika kwa bisibisi. Vijana wakaendelea hivyohivyo. Wakajaribu kupeana zamu, mmoja anasoma na watatu wananywa chai, na hapo seva ikawa tena na kasi ya Jumamosi. Lakini kwa mpango huo wangemaliza kutafuta binti akiwa na wajukuu. Kufikia Jumanne jioni walikuwa wamepata kiwiko. Walipata pia kivuli cha mtu mwenye kamera kwenye nyasi, na nusu ya paji la uso kwenye kioo cha gari la maharusi. Sauti yake ilikuwa kila mahali, ikikohoa, ikimwambia bibi harusi fulani ainue kidevu. Mama alikuwa anaisikia akiwa jikoni.

"Hicho kikohozi ni chake," alikuwa akisema bila kugeuka. "Nilimwambia aache kulala na dirisha wazi."

Sura haikuwepo.

Jumatano mchana kamati ilikutana uani kwa mama, na kamati yoyote ikikutana lazima ile. Siku hiyo zilipikwa ndizi nyama kwenye sufuria lile la kanisa, ambalo mtu angeweza kubatizwa ndani yake kwa kuzamishwa. Mpakuaji alikuwa shangazi mmoja mnene, mwenye bidii, na upawa mmoja. Foleni ikatoka uani ikazunguka tangi la maji. Nilijikuta nimesimama nyuma ya baba mkubwa, ambaye kwa umri wake alipaswa kupelekewa sahani, lakini alikuwa amekataa akitaka aonekane mtu wa watu. Sasa alikuwa amejuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hivi huko mbele wanapakua au wanasimika nguzo?"

Tulitazama. Wa kwanza alitaka nyama isiyo na mfupa. Shangazi akapiga mbizi na upawa wake, akaipata upande wa kushoto. Wa pili alitaka ndizi za chini, zilizoungua kidogo. Shangazi akazama tena. Wa tatu alitaka mchuzi mtupu, wa juu, ana vidonda vya tumbo. Wa nne alitaka nyama isiyo na mfupa, na shangazi akarudi kulekule kushoto alikotoka.

"Sufuria kubwa lile," nilisema.

"Kubwa sana. Nililibeba mwenyewe na watu watatu."

"Chakula kinatosha?"

"Kinatosha na kubaki. Tatizo yule dada ana mikono miwili na upawa mmoja, na kila mtu anamtuma kona yake. Wangemuongezea mtu."

"Hapo wanaweza, mzee. Kwenye diski huwezi. Kila sufuria linazaliwa na mpakuaji wake mmoja, liwe dogo, liwe kubwa. Ukitaka wapakuaji wengi, huna budi kuwa na masufuria mengi."

Foleni ikasogea hatua moja. Aligeuka akanitazama toka kwenye viatu mpaka kichwani.

"Binti, unanisema."

"Nasema sufuria, mzee."

"Unanisema mimi, ila kwa adabu. Endelea."

Nikaendelea. Nilimwambia kuhusu bwana harusi aliyeganda mdomo wazi kama samaki, kuhusu kiwiko na kikohozi. Nilimwambia kwamba kwa kuhifadhi, diski zake hazina mpinzani, na kwamba hata zile ndogo tukizirudisha bado zitahitaji mahali pa kutunzia nakala, maana ni za zamani, na ukiwa na diski nyingi ndivyo uwezekano wa moja kufa unavyokua. Alisikiliza mpaka tukafika kwenye sufuria. Shangazi akamuuliza anataka nini.

"Chochote kilicho karibu na upawa," alisema.

Alimaliza sahani nzima. Kisha akainuka mbele ya kamati, akafuta midomo, akagonga glasi kwa kijiko.

"Nimeambiwa mambo ya seva," alisema. "Nataka niulize. Nani aliwaambia mkamue dume?"

Akazungusha macho kwenye kamati nzima.

"Nimewaletea madume mawili ya kulinda boma. Mali yote ya mdogo wangu ikae mle, salama, isiibiwe, isipotee. Nyinyi mmekwenda kukaa chini na ndoo mnasubiri maziwa! Mbuzi warudishwe leo. Wakamuliwe. Dume liachwe lisimame."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Asante, shemeji," alisema. "Hatukuelewa."

"Ndiyo maana nipo," alisema baba mkubwa, akakaa.

Nilimfuata baadaye kumuuliza kuhusu zile diski mbili alizozichukua, maana nane ni bora kuliko sita. Alikohoa. Kumbe alikuwa amempelekea fundi mmoja wa Sombetini akazifungua, akatoa zile sahani za ndani zinazong'aa kama kioo, na sasa zilikuwa zinaning'inia kwa kamba juu ya nyanya zake.

"Ndege wanaziogopa sana," alisema. "Hiyo ni kazi pia."

Tulibaki na sita kwa vyumba sita, na hilo lilitosha. Diski sita ndogo hazikuweza kubeba picha zote za studio, lakini hatukuhitaji zote. Tulihitaji tu miaka ambayo marehemu alikuwa hai. Miaka hiyo niliinakili kutoka kwenye madume kwenda kwenye zile sita, ambazo kwanza nilizifunga ziwe kundi moja: kila faili linakatwa vipande vinavyosambazwa kwenye diski zote, na kunaandikwa pia hesabu ya ziada, ili moja ikianguka zilizobaki zijue kipande gani kilikuwa chake. Unapoteza ukubwa wa diski moja kwa ajili hiyo. Mtu asikwambie ni hasara. Na sikumwahidi mama kasi ya mara sita, kwa sababu diski zikiwa kwenye kundi hutumia muda mwingine kusubiriana, kama kwaya. Nilimwahidi kwamba vijana wanne wataweza kufanya kazi kwa pamoja bila kugandisha mtu akiwa na keki mdomoni.

Alhamisi asubuhi walikaa wote wanne. Diski zikaanza kutetea tena kama kuku. Nilisimama mlangoni nikijifanya naangalia kebo. Harusi zikaanza kupita kwenye skrini, moja, mbili, nne kwa mara moja, zikikimbizwa mbele, mabibi harusi wa miaka ile na nywele zao zilizosimama kama minara. Mchana diski moja ikaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, halafu ikanyamaza moja kwa moja. Vijana walinigeukia kwa pamoja. Seva ikapungua mwendo kidogo, ikaendelea. Zile tano zilikuwa zinamfidia mwenzao marehemu.

"Apumzike kwa amani," alisema yule dada mwenye ulimi. "Alikuwa wa mtumba lakini alijituma."

Ni yeye aliyempata, Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mama, njoo," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Ilikuwa harusi ya watu fulani, ukumbini. Kamera ilikuwa imesimamishwa kwenye miguu yake mitatu ikitazama meza ya chakula, na mwenye kamera alikuwa amedhani ameizima. Meza ilikuwa bado haijafunguliwa. Katikati palikuwa na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, amesimama na majani mdomoni. Akaingia mtu mwembamba mwenye koti la suti. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akang'oa ubavu wa mbuzi, akauzungushia tishu, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akafikiri kidogo, akang'oa na mwingine. Akafuta vidole kwenye kitambaa cha meza, akageuka, akaona taa nyekundu ya kamera inawaka. Uso wake wote ulijaa skrini, macho yametoka. Kisha mkono ukaja, na giza.

Mama alitaka irudiwe. Ikarudiwa. Alitaka tena.

Baba mkubwa alikuwepo, amekuja kuyaona madume yake. Alipoitazama alikaa chini.

"Hapana, shemeji," alisema. "Hiyo haiwezekani. Wakwe wamekaa pale, wachungaji wamekaa pale, tumwonyeshe marehemu anaiba nyama? Ukoo mzima unaolewa siku ile, si binti peke yake."

"Ndiye huyo," alisema mama.

"Tafuteni nyingine. Si mna mbuzi sasa? Si wana kasi?"

"Wamemaliza, mzee," nilisema. "Wamepitia miaka yote. Ni hiyo tu."

"Mimi nitasimama vipi pale mbele nikiwa kaka wa mwizi?"

Mama alikuwa bado anaitazama skrini, pale uso ulipogandishwa, na safari hii uligandishwa kwa makusudi.

"Shemeji," alisema, "mwanangu ameniomba baba yake. Sina mwingine."

Baba mkubwa alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Siku ile nzima hatukujua kama atakuja. Yule dada aliimalizia filamu, akaiweka ile sehemu karibu na mwisho, bila muziki. Mama alimwambia aitoe, akamwambia airudishe, akamwambia asimuulize tena.

Jumamosi alikuja. Alikuwa na koti lilelile la siku ya sala, na alimwingiza binti ukumbini kwa hatua ndogondogo, uso mgumu kama wa mtu anayebeba tangi la maji. Filamu ilipoanza nilikuwa nyuma kwenye meza ya mitambo. Watu walilia mahali pa kulia. Kisha ukaja ule ukumbi wa zamani, na yule mbuzi, na yule mtu mwembamba aliyetazama kushoto na kulia.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa upande wa Moshi. Ubavu wa pili ulipoingia mfukoni, ukumbi wote ulikuwa umelipuka, MC amejishika kwenye nguzo, mchungaji amejifunika uso kwa programu. Baba mkubwa alikuwa anatazama viatu vyake. Binti peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, maua yamelegea mkononi, na skrini ilipokuwa giza akachukua kipaza sauti kutoka kwa MC bila kumwomba.

"Baba alikuwa akirudi kutoka kazini ananiamsha," alisema. "Ananipa nyama iliyogandana na tishu. Nilikuwa naila na tishu yake, siwezi kuitenganisha. Nilidhani anapewa." Akavuta pumzi. "Baba mkubwa, hakuwa anaiba. Ile ilikuwa ya kwangu."

Baba mkubwa aliinua kichwa. Alitazama kwanza upande wa wakwe, kuona wameipokeaje. Huko mzee mmoja, baba wa bwana harusi, alikuwa ameshanyanyuka. Alitembea mpaka kwenye ndafu wetu ambaye hakuwa amekatwa bado, mbele ya kamati na utaratibu wote uliochapishwa, akang'oa ubavu kwa mkono wake, akauzungushia tishu, akaja nao kwa binti.

Binti aliula pale pale amesimama, na gauni lake la sherehe, akitoa vipande vya tishu mdomoni.